Abiria Wanane, Toa Gunia

Kwa yule ambaye gazeti la juma lililopita alifungiwa samaki kabla hajalisoma, nitasema kwa ufupi. Mimi ni Gharib. Nilikuwa karani wa mizani katika ghala ya Adamji ya mbata, zile nazi kavu za mafuta, Mwembe Tayari, miaka kumi na mmoja, mpaka siku niliyomwambia Adamji mbele ya wateja kwamba mizani yake ina dini kuliko yeye. Adhuhuri ilinikuta barazani kwetu, sina kazi.

Na nilikuwa nimemposa Mejumaa, mshonaji wa Tononoka. Mamake, Bi Mwanatumu, akaniletea salamu kwamba binti yake haolewi na mtu anayeshinda barazani akipunga nzi. Alinipa mpaka mfungo mosi, Ramadhani ikiisha, niwe na kazi, la sivyo posa inarudi.

Ndipo nilipokwenda kwa Bwana Jusab, wakala wa ndege pale Ndia Kuu, nikamwambia kwamba mambo ya ndege nayajua tangu utoto. Sikusema uongo. Nimefuga njiwa tangu utoto.

Mhariri ananiandikia kwamba wasomaji wamechoka na njiwa, wanataka kusikia nilivyoharibu. Haya.

"Kazi yenyewe nyepesi," Jusab aliniambia siku ya kwanza. "Ndege yabeba watu wanane na mizigo yao. Jumla ya watu na mizigo isipite ratli elfu moja na mia sita. Wewe pima, andika, jumlisha. Mimi natia sahihi, Kapteni anapeleka Unguja. Umefahamu?"

"Nimefahamu, Bwana Jusab. Niandike uzito safi?"

"Are, sasa uchafu wa nini? Safi kabisa!"

Hapo ndipo tulipopotezana, na hakuna aliyejua.

Maana Jusab alidhani nauliza habari ya mwandiko. Lakini kwa sisi watu wa ghalani, uzito safi ni jambo jingine. Gunia la mbata likipanda mizani, husomi tu ukaandika. Lazima utoe gunia. Mteja hanunui gunia, ananunua mbata, kwa hiyo kila gunia linapunguziwa ratli mbili, na kinachobaki ndicho uzito safi. Karani asiyetoa gunia ni mwizi. Mimi nimemwona mmoja akila makofi kwa kusahau.

Basi sanduku likija mbele yangu nalipima, nakadiria mbao na shaba yake, natoa. Abiria akipanda mizani natoa nguo, viatu na dhahabu, ratli tisa kwa kila kichwa. Kinachobaki ni mtu safi. Nilijiona nimeleta ustaarabu katika kazi ya ndege.

Majuma matatu yalipita salama, kwa sababu abiria walikuja na vikapu vya makuti, na kikapu hakina gunia kubwa. Kisha Jusab akamwoza bintiye Sabira kwa watu wa Unguja, na harusi ikataka masanduku.

Yalikuja manne, ya mvule, na njumu za shaba kila pembe. Sanduku la namna ile likiwa tupu ni ratli hamsini na nane. Nikatoa hamsini na nane mara nne.

Kisha tukaanza kupima watu, mle mle ofisini.

Wachuuzi watatu wa karafuu walipanda mizani bila neno, wakashuka. Hawana makosa katika hadithi hii, tuwaache. Wa nne alikuwa Mzungu wa serikali, na huyo hata kitini hakuinuka. "Andika mia moja na arobaini," alisema kutoka nyuma ya gazeti lake. Nadhani huo ulikuwa uzito wake siku alipojiandikisha kwenda kupigana na Kaizari. Lakini nani ampime Mzungu? Nikaandika, nikamtolea gunia.

Sabira alipima, mdogo wake Tasleem akapima, Jusab mwenyewe akapima huku amevuta tumbo ndani, kana kwamba mizani ina macho. Akabaki Bi Khatija, mamake Jusab.

Bi Khatija aliitazama mizani, akanitazama mimi, akamtazama mwanawe.

"Mimi nipande hapo? Nimekuwa mbata?"

"Ni kanuni ya ndege, Ma."

"Anayepimwa ni ng'ombe wa kuuzwa. Na huyu wako, na jicho lake la ghalani, anisome mbele za watu, kesho nianze kukonda! Sipandi."

Jusab akanisogelea sikioni. "Andika mia na ishirini."

Nikamtazama Bi Khatija, aliyekuwa amesimama mlangoni, na mlango hauonekani. "Mia na ishirini, Bwana Jusab?"

"Ni mamangu, Gharib. Wataka niseme ngapi?"

Adabu ya mwana kwa mama haina mizani. Nikaandika mia na ishirini. Halafu, kwa kuwa sheria ni sheria, nikatoa gunia, ikawa mia na kumi na moja.

Jumla ilikuja ratli elfu moja mia tano na tisini. Jusab akatia sahihi bila kusoma, akanipiga bega. "Hesabu nzuri, Gharib. Hata kufuta hukufuta." Kisha akanionyesha jela ya Ngome kwa dirisha, hatua chache kutoka kwetu, kama alivyozoea kunionyesha kila asubuhi ili nisije nikasahau kwamba yeye ni rafiki wa askari.

Saa tatu tulikuwa uwanjani, bara, ng'ambo ya Makupa. Ndege ilikuwa ile ya mabawa mawili, bawa juu ya bawa, imeinua pua na kuketi kwa mkia. Mejumaa alikuja katika gari ya wanawake, maana ndiye aliyeishona harusi nzima na pindo la shela lilikuwa bado. Alikuwa na sindano mdomoni na bado alipata nafasi ya kunicheka.

"Sasa umekuwa bwana mkubwa, na kalamu sikioni."

"Usinicheke. Mamako asemaje?"

Akaitoa sindano. "Mamangu kesha kubali. Asema wazee wako na waje Ijumaa."

Ndugu wasomaji, niliposikia neno Ijumaa nilitaka kumbusu hata Adamji. Nilizunguka uwanja mzima na karatasi yangu mkononi, nikawaamkia watu nisiowajua.

Furaha hiyo haikufika hata nusu saa. Mpagazi mmoja, Thoya, mtu wa Kaloleni mwenye mgongo wa kuaminika, alikuwa akiingiza masanduku nyuma ya ndege. Akalitua la tatu chini, akahema.

"Bwana Gharib, hili umeliandika ratli ngapi?"

"Thalathini na nne."

"Thalathini na nne! Mgongo wangu wasema tisini na ushei."

"Mgongo wako haukusoma," nikamwambia kwa upole. "Hiyo thalathini na nne ni safi. Nimekwisha kutoa gunia." Nikamweleza yote, mbao, shaba, nguo za abiria, kwa sauti ya mwalimu anayependa wanafunzi wake.

Thoya alinisikiza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na hilo gunia ukishalitoa, lenda Unguja kwa miguu?"

Wapagazi wakacheka. Nami nikacheka. Nilikuwa ningali nacheka nilipoanza kujumlisha.

Masanduku manne, mara hamsini na nane: mia mbili thelathini na mbili. Watu wanane, mara tisa: sabini na mbili. Ratli mia tatu na nne zilikuwa zimekwenda kuketi ndani ya ndege, na kwenye karatasi hazipo. Na hapo bado sijagusa mia na ishirini za Bi Khatija, wala ujana wa yule Mzungu.

Kapteni, kijana mwekundu aitwaye Dobsoni, alikuwa ameketi juu ya debe akinywa chai. Kutoka niliposimama mpaka kwake hazikupita hatua thelathini.

Sikwenda.

Mtu akiniuliza kwa nini, nitamjibu kwamba nilifikiria Ijumaa. Ningesema, kazi ingekwisha palepale, na Bi Mwanatumu angerudisha posa kabla ya alasiri. Nikajiambia kwamba Wazungu hawakosi kuficha akiba. Wakisema elfu moja na mia sita, ndege yenyewe itakuwa yaweza elfu mbili. Nikajiambia kwamba chuma hakijui ratli. Nilijiambia na mengine ambayo naona haya kuyaandika, kisha nikaenda kunywa maji.

Kapteni alipomaliza chai akasoma karatasi yangu, akaanza kupanga watu. Kiswahili chake alikipata jeshini.

"Watu mzito nakaa mbele. Watu kidogo nakaa nyuma. Nyuma ikiwa mzito, ndege nainua pua, naanguka. Mama mkubwa, kuja mbele."

"Mbele?" alisema Bi Khatija. "Wachuuzi watatu na Mzungu wanitazame kisogo mpaka Unguja? Wanawake nyuma, wanaume mbele, na pazia katikati. Mejumaa, lete leso tutundike."

Kapteni akamtazama Bi Khatija. Akaitazama karatasi. Akamtazama tena Bi Khatija, safari hii kwa muda mrefu.

"Karatasi nasema mia moja na kumi na moja."

"Basi ndiyo hivyo," akasema Jusab haraka, macho yake viatuni.

"Sawa. Nyuma."

Mzungu akiwa na karatasi yenye sahihi hana haja ya macho. Bi Khatija akapanda, Sabira akapanda, Tasleem akapanda, wote nyuma kabisa, na masanduku manne migongoni mwao. Nililiona gurudumu la mkiani likizama kwenye nyasi. Nikarekebisha kalamu sikioni.

Kisha mlango ukafunguliwa tena na Tasleem akashuka mbio, akatapika kando ya gurudumu. Mtoto wa miaka kumi na mitano, rangi imemtoka. Akalia kwamba afadhali auawe kuliko kurudi mle ndani.

"Abaki na shangazi yake," Bi Khatija akaamrisha kutoka dirishani. "Lakini mimi siendi na bibi harusi mwenye pindo linaloning'inia. Mejumaa, panda wewe! Utamalizia huko juu."

Mejumaa akashika kifua. "Mimi, Bi Khatija? Kwa ndege?"

"Hawezi," nikasema.

Watu wote wakanigeukia.

"Kwa nini hawezi?" akauliza Jusab.

"Ana woga."

"Woga? Mimi?" akasema Mejumaa. "Tangu lini?"

"Na kichwa chamuuma."

"Kichwa changu chaniuma mimi, wewe wakisikia? Gharib, mtu wa Tononoka ende Unguja kwa ndege, arudi kabla ya Ijumaa, nawe wamkataza? Wivu huo." Akakunja buibui lake, akapanda ngazi bila kunitazama. Kisha akatokeza kichwa, akatabasamu. "Niangalie nikiruka!"

Hapa ndipo pa kuungama, na naomba msome polepole. Wanane wa kwanza nilikuwa nimekwisha kuwaachia Mungu, na Tasleem alikuwa mmoja wao. Niliwaachia bila shida, nikaenda zangu kunywa maji. Alipopanda Mejumaa ndipo nilipogundua kwamba roho ya mtu ni kitu kikubwa.

Panka zikaanza kuzunguka. Nikakimbia nikipunga mikono. "Shukeni! Nzito! Nzito!"

Kelele za injini zilimeza kila kitu. Kapteni akaniona, akanipigia saluti. Jusab akanipungia kitambaa. Mejumaa alikuwa dirishani akicheka kwa furaha, akinionyesha sindano yake.

Ndege ikaanza kutambaa. Basi nikaipita kwa mbio ambazo sikujua ninazo, nikafika katikati ya njia yake, nikaketi chini kitako, nikafumba macho, nikatoa shahada.

Nilipoyafumbua, panka zilikuwa zimesimama, na Kapteni alikuwa amesimama juu yangu.

"Wewe wazimu?"

"Ndege ni nzito, Kapteni! Nimetoa gunia!"

"Gunia gani?"

"Kila mmoja! Kila sanduku! Nimetoa gunia!"

Uso wake ukabadilika. Akageuka akapiga kelele, "Wote chini! Iko gunia ndani!" Watu wakamiminika nje. Kwa muda wa dakika kumi Kapteni, Jusab na wale wachuuzi watatu walitafuta gunia chini ya viti, na Mzungu wa serikali akakimbia mpaka kwenye magari, akasimama nyuma ya lake. Hakuna aliyethubutu kuniuliza gunia lina nini. Mwisho Thoya ndiye aliyewaeleza, na aliwaeleza vizuri, kwa kuwa alikuwa ameelewa tangu mapema.

Mizani ya mizigo ikaletwa. Safari hii wakapimwa na masanduku yao, na viatu vyao, na kila kitu. Mzungu alikuja mia moja tisini na sita, akasema mizani ni mbovu. Ikafika zamu ya Bi Khatija. Watu wakatazama pembeni. Lakini yeye mwenyewe akapanda, akashika kiuno.

"Nisomeni. Afadhali nisomwe hapa kuliko kusomewa baharini."

Mia mbili na tatu. Jusab alikuwa akitazama mawingu.

Jumla ikawa elfu mbili na sabini na tatu. Kapteni aliandika hesabu ile mara mbili, kisha akaketi juu ya debe lake.

"Hii naruka kidogo," akasema. "Kidogo tu. Halafu nakwenda maji. Watu yote."

Sabira akaanza kulia ndani ya shela lake.

"Gharib," akasema Jusab, "wewe kazi huna. Na nikifika mjini, ile Ngome..."

"Nyamaza!" Bi Khatija akamkata. "Nani aliyemwambia aandike mia na ishirini? Si wewe? Huyu kijana kakosea, ndiyo. Lakini kajiweka mbele ya ndege kwa ajili yetu! Nani hapa angefanya? Wewe? Kazi anayo, na kama huna mshahara wa kumpa nitampa mimi."

Akaja akaniwekea mkono begani, akaniombea dua ndefu. Wachuuzi watatu, ambao hawakuwa wamesema neno tangu asubuhi, wakaitikia amina. Hata Kapteni akaja akanishika mkono, akaniita mtu mzuri. Sabira akaniita kaka. Jusab akakohoa, akasema haya, haya, kazi ipo, ila masanduku atapima mtu mwingine.

Nami nilisimama pale nikapokea. Nilianza kuamini. Nilifika hata kuinamisha kichwa, vile wafanyavyo mashujaa wakisifiwa. Kazi ipo, Ijumaa ipo, na mke ni wangu.

Mejumaa hakuja na wenzake. Alikuwa kando ya masanduku, akisema na Thoya. Kisha akaja polepole, amemshika Tasleem mkono.

"Thoya asema alikwambia habari ya masanduku kabla ya Kapteni kumaliza chai."

"Thoya ana maneno mengi."

"Wakati wa chai mimi sikuwa nimepanda. Wa kupanda alikuwa huyu." Akamsogeza Tasleem mbele yangu. "Nambia, Gharib. Lau huyu hakutapika, ungeketi pale ndiani?"

Mkono wa Bi Khatija ulikuwa ungali begani mwangu. Nikausikia ukilegea.

Tasleem hakulia tena. Alinitazama tu, midomo imemkauka, naye akingoja jibu.

"Wallahi, Mejumaa..."

"Bila wallahi," akasema.